Paka ananyonyesha, ziwa limeoza, halafu chembe nyeupe za damu ziko CHINI. Naomba ushauri

MamaNyau (Sakina, Arusha)
Wakuu habari za jioni. Paka wangu kazaa, watoto wanne. Tangu juzi ziwa moja la nyuma limevimba, la moto, ngozi inageuka zambarau, na ukiliminya yanatoka maziwa ya kahawia yenye harufu. Hataki kula. Nimempeleka akatolewa damu: chembe nyeupe 3.2, chembe sahani (zile za kugandisha damu) chache, sukari chini. Aliyesoma karatasi anasema ingekuwa maambukizi chembe nyeupe zingepanda, eti maziwa yamejaa tu, nimkande. Sijaridhika. Wakati nasubiri, nimpe Panadol ya maji kidogo?

Vet_Mstaafu
Dada, PANADOL HAPANA. Hata tone. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli; chembe nyekundu zinaharibika, fizi zinakuwa kahawia, unamzika.

Tuje kwenye karatasi. Paka mzima chembe nyeupe zake hucheza kati ya 5.5 na 19.5, yaani elfu kwa mikrolita. Bakteria wakiingia kwenye ziwa, kweli mara nyingi zinapanda, hasa nyutrofili, yaani zile chembe nyeupe za kupambana na bakteria. Ila ugonjwa ukiwa mkali zinakimbilia kwenye ziwa na kufia huko haraka kuliko uboho wa mifupa unavyotengeneza nyingine, ndipo hesabu inaporomoka. Kwa hiyo hiyo 3.2 inanitisha kuliko ingekuwa 30. Na paka akiogopa kliniki sukari hupanda. Ya huyu imeshuka! Hapo nafikiria bakteria wameshaingia kwenye damu. Chembe sahani usizilie bado, za paka hugandana kwenye kichupa na mashine inazipunja.

Waambie wapake tone la damu kwenye kioo, waangalie kwa hadubini kama nyutrofili changa zimezidi zilizokomaa, yaani uboho umezidiwa na unatoa ambazo hazijakomaa. Usisubiri asubuhi.

Mfugaji_Ngaramtoni
Sisi ng'ombe akiumwa kiwele tunachoma OTC (sindano ya oksitetrasaiklini), habari kwisha. Duka la pembejeo lipo hapo hapo.

Vet_Mstaafu
Mkuu, huyo ana watoto. OTC inapita kwenye maziwa na kuharibu rangi ya meno yao. Kwa paka anayenyonyesha mara nyingi tunaanza na amoksilini yenye klavulaniki. Lakini huyu dripu kwanza, na hayo maziwa yaoteshwe maabara ijulikane ni mdudu gani.

Binti_Majengo (Moshi)
Pole dada. Wangu chembe nyeupe zilikuwa 27, ziwa gumu ila jekundu tu, anakula vizuri. Alipona kwa vidonge na kitambaa cha uvuguvugu, watoto wakaendelea kunyonya.

Vet_Mstaafu
Wako uboho ulikuwa bado unamudu. Hawa wa Sakina waachishwe kwa mama, wapewe maziwa ya kopo ya watoto wa paka, ya ng'ombe yatawaharisha. Wapimwe kwenye mizani ya jikoni: kila mmoja aongezeke gramu 10 hadi 15 kwa siku.

MamaNyau
Mrejesho: nimehamia kliniki nyingine usiku huu. Kioo kimeonyesha changa ndizo nyingi. Yuko kwenye dripu yenye glukosi, dawa anapitishiwa mshipani. Wanasema nyama iliyokufa itakatwa akipata nguvu. Kupima damu tena si mpaka wiki ijayo?

Vet_Mstaafu
Kesho, dada. Tunataka kuona zilizokomaa zinaanza kuzidi changa, hata kama jumla haijapanda sana. Weka majibu hapa.