Kodi za kwanza kwenye gitaa: A-D-E, G-C-D-Em, au kodi ndogo za nyuzi tatu?

Mwanzo_Mpya
Wakuu, habari zenu. Nina gitaa la nyuzi za nailoni, najua kulituni, na ile michoro ya kodi (yaani chord, noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) naisoma bila shida. Ninachoshindwa kuamua ni nianze na kundi lipi. Wengine wanasema A, D na E. Wengine G, C, D na Em. Nimesikia pia kuna wanaoanza na nyuzi tatu nyembamba tu, kodi nzima inakuja baadaye. Nataka kuimba huku najipigia, solo sina haja nazo kwa sasa. Vidole vyangu ni vifupi, kama hilo lina uzito wowote.

Rithim_Kwanza
A, D, E. Na sisemi hivyo kwa sababu ni rahisi ukizishika moja moja, maana Em ni rahisi kuliko zote. Anayeanza hakwami kwenye kushika kodi, anakwama kwenye kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Kwa hiyo pima kundi kwa namna vidole vinavyohama.

Uzi wa 1 ni ule mwembamba kabisa, wa 6 ndio mnene; freti ni nafasi kati ya vile vyuma vya shingoni, ukihesabu kutoka kichwani. Shika A hivi, vidole vyote freti ya 2: cha kati uzi wa 4, cha shahada uzi wa 3, cha pete uzi wa 2. Michoro mingi inaweka cha shahada uzi wa 4, iache kwanza. Sasa nenda D. Kidole cha shahada hakiondoki kabisa. Cha pete kinasogea freti moja mbele kwenye uzi ule ule wa 2. Cha kati peke yake ndicho kinachoruka, kinakwenda uzi wa 1 freti ya 2. Ukitaka E, cha shahada kinateleza kwenye uzi wake wa 3 hadi freti ya 1 bila kuachia uzi, halafu cha kati na cha pete vinakaa nyuzi za 5 na 4, freti ya 2. Kidole kimoja kinaongoza kodi zote tatu.

Halafu besi, ile sauti nzito ya chini ya kodi, unapewa bure: uzi wa 5 ukiwa wazi ni A, wa 4 ni D, wa 6 ni E.

Sauti_ya_Pili
Hoja ya kuhama naiunga mkono kabisa, ila hata kundi la G lina nanga yake, yaani vidole visivyohama. Weka cha pete na cha mwisho freti ya 3, nyuzi za 2 na 1, uviache hapo. Cha kati uzi wa 6 freti ya 3, cha shahada uzi wa 5 freti ya 2: hiyo ni G. Shusha hivyo viwili uzi mmoja mmoja kuelekea nyembamba, umepata Cadd9, ambayo inakaa vizuri mahali pa C kwenye nyimbo nyingi. Viweke vyote viwili freti ya 2, nyuzi za 5 na 4, umepata Em7. Kwa D, cha pete kinabaki pale pale.

Gharama yake niseme wazi: kwa kuwa nyuzi za 2 na 1 karibu hazibadiliki, kodi zinafanana rangi, na C yenyewe bado utakuja kuijifunza. Lakini kwa mtu anayetaka kuimba mapema, mimi ningempa hili.

Nyuzi_Tatu
Kodi ndogo zinadharauliwa bila sababu. Piga nyuzi za 3, 2 na 1 tu. Em haihitaji kidole hata kimoja. C ni cha shahada uzi wa 2 freti ya 1. G ni cha pete uzi wa 1 freti ya 3. Mkono wa kushoto ukipumzika hivyo, wa kulia unapata nafasi ya kujifunza mapigo, na hapo ndipo wimbo ulipo. Mtu mwenye kodi kumi na mapigo yanayokatika kila anapohama, hakuna anayeweza kuimba naye.

Rithim_Kwanza
Kweli kuhusu mapigo. Ila kwa anayeimba peke yake, nyuzi tatu bila besi ni nyembamba mno, sauti inaning'inia. Ningezitumia siku za mwanzo tu.

Fundi_Shingo
Hakuna aliyegusa gitaa lenyewe. La nailoni halichomi vidole kama la chuma, lakini shingo lake ni pana: pale nyuzi zinapoingia kichwani kwa kawaida ni kama milimita 52, la chuma ni 43 hivi. Kwa vidole vifupi, ile G inayotoka uzi wa 6 hadi wa 1 inavuta kweli kweli. A, D na E zinabana vidole pamoja, kwa hiyo kwako namuunga mkono Rithim.

Ukipiga D na uzi wa 1 haulii, usikimbilie kukandamiza zaidi. Mara nyingi ni cha pete kimelala na nyama yake inaugusa uzi huo. Shusha dole gumba nyuma ya shingo, kifundo cha mkono kitoke mbele kidogo, kidole kisimame kwenye ncha. Kisha piga uzi mmoja mmoja, usikilize.

Mwanzo_Mpya
Asanteni sana. Nimejaribu A kwenda D kama alivyoeleza Rithim na kile kidole kinabaki kweli. Maswali mawili: A ikiwa juu au chini ya sauti yangu nifanye nini? Na nikichelewa kuhama, nisubiri?

Sauti_ya_Pili
Sauti ikitaka juu zaidi, funga kapo, kile kibano kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja. Ukishika A, D, E na kapo iko freti ya 2, unasikika B, E na F kali (F#), vidole havijui tofauti. Ukitaka kushuka, hapo ndipo umbo la G linakusaidia, maana liko chini ya A kwa freti mbili.

Nyuzi_Tatu
Usisubiri. Mkono wa kulia usisimame hata kodi haijakaa. Ukihesabu mapigo manne manne, achia kodi ya zamani kwenye pigo la nne, nyuzi zilie wazi wakati vidole viko njiani, na ufike pigo la kwanza ukiwa na hata kidole kimoja mahali pake. Kwako kiwe cha shahada, uzi wa 3. Vingine vitafuata. Anza na A na D tu, polepole kiasi cha kuweza kuhesabu kwa sauti, na E uiongeze pale unapoweza kuimba juu ya hizo mbili.