Safari ya baiskeli kutoka Malindi: pwani na vilima katika mzunguko mmoja

Msafiri wa Barani

Assalaam alaikum, ndugu zangu. Mimi na rafiki zangu wawili, sote wakaazi wa Malindi, tunakusudia kusafiri kwa baiskeli kwa siku nne au tano mwishoni mwa Julai. Tumezoea kwenda Watamu au Mambrui na kurudi siku hiyo hiyo, lakini hatujawahi kufunga mizigo kwenye keria na kulala njiani. Tunatafuta njia ambayo haitatuonyesha bahari peke yake. Tungependa kupita kando ya msitu, kupanda vilima na kuona mashamba ya bara, kisha turudi nyumbani kwa miguu yetu wenyewe bila kupanda gari.

Tumefikiria njia tatu. Ya kwanza ni kwenda kaskazini hadi Lamu. Ya pili ni kushika barabara ya Sala, tuvuke Tsavo na kutokea Voi, kisha tupande Taita. Ya tatu ni kushuka kusini hadi Kilifi na kupanda upande wa Kaloleni na Rabai. Naomba wenye ujuzi watushauri ni ipi inayofaa, tuanzie upande gani, na kama baiskeli za gia zenye tairi za upana wa wastani zitahimili barabara za vumbi.

Mvuvi wa Mayungu

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Chagueni njia ya tatu, lakini msiifuate kama mlivyoieleza, kwa sababu mmesahau upepo. Mwezi wa Julai kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, huwa limekamata sawasawa, na barabara kuu kutoka Malindi hadi Kilifi inaelekea kusini-magharibi. Mkianza kwa kushuka nayo, mtapigana na upepo wa uso kwa takriban kilomita 60 mkiwa na mizigo ambayo bado hamjaizoea, huku matatu zikiwapita karibu na bega. Mkiugeuza mzunguko, sehemu hiyo hiyo mtaifanya siku ya mwisho na kusi likiwasukuma mgongoni hadi nyumbani. Manahodha wa majahazi walipanga safari zao hivyo, na mwenye baiskeli iliyobeba mizigo ana sababu ile ile ya kuwafuata.

Kwa hiyo tokeni Malindi kwa barabara ya Sala, mpite Kakuyuni, kisha mgeuke kusini kwa njia za vumbi zilizo magharibi mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa Jilore, Vitengeni na Ganze. Hapo pia upepo utakuwa mbele yenu, lakini vichaka na miti huupunguza makali, na asubuhi na mapema huwa haujapata nguvu. Ondokeni saa kumi na mbili kunapopambazuka, mpumzike kuanzia saa tano hadi saa tisa, na msifunge safari yoyote ya alasiri kwa kutegemea nguvu mliyokuwa nayo asubuhi. Nchi ya Ganze ni kavu na maduka yamekaa mbalimbali, kwa hivyo kila mtu abebe lita nne za maji au zaidi na ajaze tena kila anapopata nafasi, hata kama chupa bado zimejaa nusu. Jueni mapema mtakapolala siku ya kwanza. Kama si nyumba ya wageni, basi mwoneni mzee wa kijiji jua likiwa bado juu, mjitambulishe na mwombe ruhusa, wala msipige hema kimyakimya kwenye shamba la mtu.

Kutoka Ganze mtateremka hadi mji wa Kilifi, na huko mtapata chakula, mafundi na kitanda. Siku inayofuata mvuke daraja, mfike Mavueni na kushika barabara ya lami inayopanda Kaloleni.

Kuhusu Tsavo, nawasihi muiondoe kabisa katika hesabu. Mbele ya lango la Sala mnaingia Tsavo Mashariki, na hifadhi yenye simba, nyati na ndovu si mahali pa baiskeli. Taita yenyewe ni milima ya kweli, maana kilele cha Vuria kina mita 2,208 na barabara ya kutoka Mwatate hadi Wundanyi inapanda kona baada ya kona, nami naipenda kupita kiasi. Lakini kuifikia kwa baiskeli kutoka huku maana yake ni kukaa siku nzima kwenye barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi, katikati ya malori. Pelekeni baiskeli Voi kwa basi wakati mwingine, mkaanzie safari pale.

Binti wa Kaloleni

Naungana na kaka wa Mayungu kuhusu upepo, ila ningependa kusema zaidi juu ya vilima vyetu, kwa sababu wageni wengi huvipita kama njia tu ya kwenda kwingine. Havifiki hata mita 400, lakini anayetoka usawa wa bahari atavihisi, maana barabara hupanda, huteremka kidogo, kisha hupanda tena, na kila teremko linakunyang'anya sehemu ya ulichokipanda. Mnazi ndio unaotawala. Kadiri mnavyoacha nchi kavu na kuingia Chonyi, Jibana na Kaloleni, ndivyo hewa inavyozidi kuwa na unyevu na minazi inavyosongamana, mpaka mabonde yote yanakuwa kijani. Madafu mtayapata kando ya barabara. Ukinywa moja asubuhi na jingine baada ya kupanda, pamoja na chumvi kidogo katika chakula, mwili hautaishiwa haraka kama wa mtu anayekunywa maji matupu.

Ushauri wangu ni kwamba mlale huku angalau usiku mmoja, na siku ya pili mwende Rabai bila mizigo. Rabai ndiko Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walikoanzisha kituo chao cha misheni mwaka 1846, na kanisa la zamani limegeuzwa kuwa makumbusho. Njiani mtaona vilele vyenye msitu mzito ambao haujalimwa ilhali pande zote ni mashamba; hizo ni kaya, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda, na mwaka 2008 kadhaa kati yake ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tafadhalini, msiingie kayani na baiskeli wala bila wazee. Mkiuliza kwa adabu mtaelekezwa kwa mzee anayehusika, naye ataeleza panapokanyagwa na pasipokanyagwa.

Mkitoka Rabai msishawishike kuteremka hadi Mazeras eti kwa kuwa ni karibu. Barabara kuu ya pale ni ya malori. Rudini Kaloleni, mteremkie Mavueni.

Mkaazi wa Langoni

Nawajibu kuhusu Lamu, kwa kuwa nyumbani ni huku na ningefurahi kuwakaribisha. Hata hivyo, kwa mnachokitafuta, njia hii haifai. Kutoka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 za nchi tambarare, kwanza kando ya mashamba ya chumvi ya Gongoni, kisha kupitia Garsen na bonde la mto Tana, na hakuna kilima cha kutajwa. Lililo kubwa zaidi ni usalama, kwani kwa miaka mingi mabasi yamekuwa yakisindikizwa na polisi kati ya Minjila na Lamu, na mtu wa baiskeli hawezi kwenda kwa mwendo wa msafara. Njooni kwa basi, na baiskeli ziacheni Malindi, kwa sababu mitaa ya mji wa kale ni myembamba, imejaa punda na watu, na raha yake ni kutembea.

Msafiri wa Barani

Nawashukuru sana nyote. Lamu na Tsavo tumeziweka kando, na mzunguko tutaugeuza kama tulivyoelekezwa. Bado naomba kujua kuhusu baiskeli zenyewe, na kama siku ya mwisho kuna njia ya kukwepa barabara kuu baada ya Kilifi.

Fundi wa Maweni

Tairi za upana wa wastani zitafaa, mradi msizijaze upepo kupita kiasi. Mkiacha lami punguzeni kidogo, maana tairi ngumu juu ya mchanga huzama na juu ya mawe huvunja njiti za gurudumu. Njiti ndizo zinazowaangusha wasafiri kuliko pancha, hasa za gurudumu la nyuma lililobeba mizigo, kwa hiyo kila mmoja abebe chache za saizi yake na fundi azikaze zote kabla ya safari. Upande wa Ganze kuna miiba mingi. Bebeni tyubu mbili kila mtu, viraka, pampu na kiungo cha cheni. Mafundi wa vijijini wana ujuzi mkubwa, lakini vipuri vyao ni vya baiskeli za kawaida zisizo na gia, na cheni yenu nyembamba hamtaikuta kwao. Badilisheni pedi za breki zikiwa hata nusu, kwa sababu teremko la Kaloleni na mizigo ni jambo tofauti na uwanda wa Malindi. Mzigo mzito ukae chini, pande zote mbili sawa.

Kabla ya Julai, fanyeni jaribio la siku moja na usiku mmoja kwenda Marafa kupitia daraja la Sabaki na Mambrui, mkiwa na mizigo yote. Barabara ina vumbi na kupanda kidogo, na jioni mtaliona korongo la Nyari likiwaka wekundu kwenye kuta zake zilizochongwa na mvua. Kitakacholegea kitalegea hapo, karibu na nyumbani.

Kuhusu siku ya mwisho, kwenye daraja la Kilifi shikeni usukani kwa mikono miwili, kwani upepo wa baharini hupiga ubavuni. Kisha barabara kuu haikwepeki hadi Gede, ila sehemu yake inapita kati ya msitu na mashamba. Gede pumzikeni kwenye magofu, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi mwaka 2024. Anayetaka njia za mchanga za ndani ya Arabuko-Sokoke aulize kwanza kwa walinzi wa msitu langoni, kwa sababu mle mna ndovu, na wao ndio wanaojua wako upande gani siku hiyo. Kutoka Gede zimebaki kilomita 16 hivi, na kwa kusi la Julai hata aliyechoka atafika Malindi kabla ya adhuhuri.