Kifundo cha mkono kinainuka, vidole havifumbi: upasuaji unafaa?

Mlezi_Tukuyu
Wakuu, habarini. Kijana wa miaka 24 alianguka mtini akichuma parachichi, akaumia uti wa mgongo shingoni, pingili ya sita. Amepooza mikono na miguu, huu ni mwezi wa tano. Anakunja viwiko na kuinua vifundo vya mikono, ila hawezi kunyoosha kiwiko wala kufumba vidole. Vidole vimeanza kujikunja, tunavinyoosha kila asubuhi. Tunasikia kano (nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa) huhamishwa. Tuanzie wapi, au tusubiri mwaka uishe?

Tibakazi_Nyanda
Kwanza hilo la asubuhi, liacheni leo. Huo mkazo wa vidole ndio mshiko wake. Akiinua kifundo, vidole hujikunja vyenyewe na kidole gumba hugusa cha shahada, akikishusha, vinafunguka. Mkivinyoosha huku kifundo kimeinuliwa, kano zinalegea na mshiko unapotea. Kanuni: kifundo juu, vidole vikunjwe, kifundo chini, ndipo vinyooshwe. Hata akiegemea mkono kuhama kitandani, aegemee ngumi, asitandaze kiganja.

Cha kunyoosha ni kiwiko. Msuli wa mbele unavuta na wa nyuma hauna nguvu ya kuushinda, hivyo kiwiko hukaza kikiwa kimekunjwa. Kinyoosheni kikamilifu mara mbili kwa siku, na usiku alale kimenyooka. Kikishakaza, upasuaji unaahirishwa hadi kilegezwe.

Daktari_Barabara_Mbili
Kuhusu kusubiri: kuna aina mbili za upasuaji. Kuhamisha kano hufanywa nguvu zikishaacha kubadilika, mara nyingi mwaka tangu ajali, na hata baada ya miaka mingi unawezekana. Kuhamisha neva kuna haraka, kwa sababu msuli ambao neva yake imekufa hudhoofika usiweze kuamka tena. Hupendekezwa ndani ya miezi 6 hadi 12. Kwa hiyo rufaa ombeni sasa. Pitieni hospitali ya wilaya, kisha Rufaa ya Kanda Mbeya, mkiomba kuelekezwa MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) Dar es Salaam au hospitali ya KCMC Moshi. Kabla ya kupanda basi, pigeni simu muulize swali moja tu: je, yupo daktari anayehamisha kano au neva za mkono kwa waliopooza? Kuwa na bingwa wa mifupa hakutoshi.

Barua ya rufaa iwe na nguvu ya kila msuli, daraja 0 (hausogei kabisa) hadi 5 (nguvu kamili), mkono wa kulia na wa kushoto. Msuli unaohamishwa hupoteza takriban daraja moja, hivyo unatakiwa uwe na 4 au zaidi. Kwa kawaida kiwiko hutangulia: sehemu ya nyuma ya msuli wa bega, au msuli wa mbele wa mkono wa juu, huunganishwa na ule wa kunyoosha. Baadaye msuli wa kigasha upande wa kidole gumba huunganishwa na kano ya kukunja gumba. Kifundo kina misuli miwili mikuu ya kukiinua. Mmoja ukichukuliwa kwa ajili ya vidole huku wa pili ni dhaifu, anapoteza hata mshiko alionao. Hilo mkumbusheni daktari.

Muuguzi_Makambako
Kidonda cha kulalia au maambukizi ya mkojo vitaahirisha upasuaji, na Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Kwenye basi akalie mto mnene, mwegemezeni mbele au upande dakika mbili kila nusu saa. Mpira wa mkojo usijikunje: kibofu kikijaa presha hupanda ghafla, kichwa kinagonga, uso unatoa jasho. Mwinueni akae, legezeni nguo, fungueni mkojo mara moja.

Pangeni pia ya baadaye. Kiwiko kikishafanyiwa, hufungwa kikiwa kimenyooka, kisha hukunjwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kwa miezi kama mitatu hatasukuma kitimwendo wala kujihamisha mwenyewe. Kano ikivutwa mapema inalegea au inakatika, na kuirudia ni kazi ngumu. Awepo mtu wa kumlisha na kumgeuza muda wote huo.

Mlezi_Tukuyu
Vidole tumeacha. Kesho tunaomba apimwe misuli.

Tibakazi_Nyanda
Waombe wapime na hisia za kidole gumba na cha shahada. Kama hahisi, atategemea macho kujua ameshika nini, na daktari hulizingatia akiamua mkono wa kuanza nao.