Mbunge anasema uchumi wa jimbo umerudi, tuulize nini kwenye mkutano?

korosho_safi

Wakuu habari zenu. Niko huku Mtwara, jimbo silitaji maana sitaki mjadala ugeuke wa mtu. Mheshimiwa wetu anazunguka vijijini kutoa mrejesho na wiki ijayo anafika kwetu. Kwenye grupu la kata tayari wamerusha taarifa yake, kurasa kibao, picha za madarasa, picha ya barabara, picha ya bandari, na ujumbe mkubwa ni kwamba uchumi umerudi na serikali imewekeza kuliko wakati wowote.

Sibishi kwamba kuna unafuu. Mnada wa kwanza wa korosho wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, Oktoba 2024 bei ilivuka 4,000 kwa kilo na hapa kijijini nimeona watu wanaezeka bati na kulipa madeni ya tangu ule msimu wa 2018. Tatizo langu ile taarifa imechanganya kila kitu, bandari, zahanati, korosho, madawati, na kote imeandikwa "tumeleta". Nashindwa kujua hela ipi imetoka wapi na yeye kama mbunge amefanya nini hasa. Na mikutano yetu mnaijua, ukipewa maiki ni dakika moja, ukianza kuzunguka wanakunyang'anya. Nisaidieni, niulize nini ambacho jibu lake litatusaidia?

Mstaafu wa Mipango

Kijana umeuliza vizuri. Nimekaa halmashauri miaka mingi upande wa mipango kwa hiyo nikueleze tulivyokuwa tunaziona hizi taarifa kutoka ndani. Ichapishe, chukua kalamu, kila mradi andika pembeni mfuko ulioulipia. Gati jipya la mita 300 bandari ya Mtwara ni TPA, yaani Mamlaka ya Bandari, hela ya serikali kuu. Barabara ya Mnivata–Tandahimba–Newala–Masasi, kilomita 160, ni TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Yale madarasa ya mwishoni mwa 2021 ni mkopo wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, wa wakati wa UVIKO, ule mpango wa trilioni 1.3, madarasa 15,000 nchi nzima, kwa hiyo hata jimbo ambalo mbunge wake hajawahi kusimama bungeni lilipata. Inawezekana mbunge wenu amefuatilia na kusukuma, na hiyo ni kazi, lakini kusukuma ni kitu kimoja na kuleta ni kingine.

Sasa hela anayoikalia kiti yeye mwenyewe ni Mfuko wa Jimbo, ule wa sheria ya 2009. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati, afisa mipango ndiye katibu, hela inapitia halmashauri na mgao wake unaangalia idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Siyo hela ya kujenga barabara, ni ya kumalizia: wananchi wamepandisha boma la darasa limekwama kwenye renta, mfuko unatoa bati na mbao. Muulize mwaka huu wa fedha mfuko umepata shilingi ngapi, kijiji gani kimepata nini, na maombi yapi yalikataliwa na kwa sababu gani. Hilo la yaliyokataliwa usiliache. Orodha ya waliopata kila mbunge anayo mfukoni, lakini ya waliokosa ndiyo inaonyesha kamati ilichagua kwa kuangalia uhitaji au kwa kuangalia kata iliyompa kura.

Bint Mbanguaji

Naunga mkono ila mi ningeuliza ya halmashauri kwanza maana huko ndiko hela ya korosho yetu inaingia moja kwa moja. Ushuru wa mazao kwa zao la biashara ni asilimia 3. Chukua bei ya 3,500, hapo ni shilingi 105 kila kilo. Halmashauri ikiuza tani elfu 10 tu hiyo ni zaidi ya bilioni 1, na huku kuna halmashauri zinauza zaidi ya hapo mbali sana. Sasa sheria inasema asilimia 10 ya mapato ya ndani iwe mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ina maana korosho ikipanda na mfuko wa vikundi lazima upande, hamna ujanja hapo.

Kikundi chetu ni cha kubangua korosho kwa mashine za mkono, tunachemsha, tunaanika, tunabangua, ule utomvu unachoma vidole mpaka ngozi inabanduka na bado tunaendelea maana korosho iliyobanguliwa ina bei yake. Tulikuwa na maombi yetu yamefika kwenye kata, Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima, 2024 ikarudi kwa utaratibu mpya na sisi tukaambiwa tuanze upya kuanzia katiba ya kikundi. Diwani anasema suala liko kwa maafisa, maafisa wanasema tusubiri. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani, anakaa kile kikao, anaona makabrasha yote. Kwa hiyo aje na takwimu moja tu, msimu huu ushuru wa korosho umeingia kiasi gani na vikundi vya kata yetu vimekopeshwa kiasi gani. Uchumi ukirudi bila sisi kuuona hata kwenye mashine ya pili ya kubangulia, umerudi kwa nani?

Nahodha_95

Mnamwonea mbunge jamani. Kazi yake siyo kugawa bati, ni sheria na bajeti. Mnakumbuka 2018? Bunge lilibadili sheria ya ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje, ile asilimia 65 iliyokuwa inarudi kwenye zao ikaenda yote mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walipiga kelele mpaka sauti zikakauka na wakashindwa kura. Ile hela ndiyo ilikuwa inaleta salfa, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Msimu wa 2017/18 tulivuna nchi nzima zaidi ya tani laki 3, uliofuata ikashuka kama laki 2 na elfu 25, na hapo hapo ikaja ile ya bei mbovu mnadani, wakulima wakagoma kuuza, Novemba serikali ikatangaza kununua kwa 3,300 na jeshi likaja kubeba. Watu wamekaa wanasubiri malipo mpaka mvua zimepita. Zao lilirudi pembejeo za ruzuku zilipoanza kugawiwa, 2024/25 tukavuka tani laki 5. Kwa hiyo jambo moja bungeni linaweza kuua au kufufua mkoa mzima na hakuna bati linalofikia hapo. Muulizeni hivi: ushuru wa nje wa korosho leo unarudi kiasi gani kwa mkulima na wewe umesimama bungeni mara ngapi kwa ajili hiyo? Hansadi, yaani kumbukumbu za yanayosemwa bungeni, zipo, anaweza kutusomea.

korosho_safi

Aisee @Nahodha_95 hili sikuwa nimeliwaza kabisa. Mzee wangu mikorosho yake iliungua ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ule mwaka, salfa alipata mifuko miwili ya kuazima, maua yote yakawa meupe kama yamemwagiwa unga yakaanguka. Sisi nyumbani tulisema ni hali ya hewa. Swali la nyongeza kwa wakubwa: akijibu kwamba takwimu hana hapo nifanyeje? Maana ndivyo wanavyojibu, "nitalifuatilia".

Mstaafu wa Mipango

Usimuulize siku hiyo kwa kushtukiza. Andikeni maswali leo, matatu tu, hilo la Mfuko wa Jimbo, la Bint Mbanguaji na la Nahodha, yapitishwe kwa mwenyekiti wa kijiji yaende ofisi ya mbunge, nakala kwa mkurugenzi, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Siku ya mkutano utatumia dakika yako kusema tuliandika barua tarehe fulani, tunaomba majibu. Hapo hana pa kusema hakujiandaa. Na pia msimsubiri yeye peke yake, mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu na mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa pale. Kwenu mara ya mwisho umeitishwa lini?

Bint Mbanguaji

Kwetu tangu kabla ya msimu. Barua naandika mimi leo usiku, @korosho_safi nitumie inbox jina la kijiji chenu tuunganishe vijiji vyote viwili kwenye barua moja.