Balozi afukuzwe, lakini dirisha la pasipoti libaki wazi? Mjadala wa Syria na majirani zake

Mleta mada:

Wakuu, nalirudisha hili kwa sababu mara ya mwisho mjadala ulivunjika katikati. Ndugu mmoja alisema kila nchi ya Kiarabu iliyobaki na ubalozi Damascus, mji mkuu wa Syria, baada ya 2011 ilishiriki kumwaga damu. Mwingine akamjibu kwamba waliofunga balozi zao walikuwa wakicheza ngoma ya wakubwa. Naona wote wawili waliliruka swali lenyewe. Nchi ya jirani inawaka na serikali yake inaua watu wake. Sasa wewe unamkata nani: mtawala, au raia anayetafuta muhuri?

Tuanzie mpakani. Deraa ni mji wa Syria ambako Machi 2011 watoto walikamatwa na kuteswa kwa sababu ya maandishi ya ukutani, na maandamano yakaanzia hapo. Ng'ambo yake, upande wa Jordan, kuna Ramtha. Koo za miji hii miwili ni zilezile, wameoana, harusi huku matanga kule. Ramtha kuna madereva wanaoitwa "bahhara", yaani mabaharia, neno lilelile tunalolitumia sisi, ingawa pale bahari iko mbali kabisa. Baharia wa Ramtha huvuka na gari tupu, akarudi buti limejaa nguo, peremende, mboga na pakiti za sigara zimesokomezwa kila penye upenyo. Mji mzima umekula kupitia gari hilo. Aprili 2015 waasi walikiteka kituo cha Nasib upande wa Syria, Jordan ikafunga kituo chake cha Jaber, na barabara ile ikalala mpaka tarehe 15 Oktoba 2018. Malori ya Lebanon yaliyokuwa yakipeleka matunda Ghuba kwa njia hiyo yakabidi yapande meli.

Hao ndio majirani. Jirani wa namna hii huwezi kumkata kwa tamko la kikao cha Jumuiya ya Nchi za Kiarabu kule Cairo.

Sasa tazameni Jordan walivyofanya. Tarehe 26 Mei 2014 walimfukuza balozi wa Syria, Bahjat Suleiman, wakampa saa 24 awe ameondoka, kwa kuwa alikuwa akiwatukana wenyeji wake hadharani. Damascus ikalipiza kwa kumfukuza kaimu balozi wa Jordan. Ukisoma habari ile unadhani ndio mwisho. Lakini ubalozi wa Syria pale Amman haukufungwa. Siku mbili baadaye, tarehe 28 Mei, Wasyria walipanga foleni mlangoni kupiga kura ya urais. Kura ile mimi siipi uzito wowote, mamilioni walikuwa wameshakimbia nchi. Ila mlango ule ule ndio uliokuwa ukiandikisha vizazi, ndoa na pasipoti. Kambi ya Zaatari ilifunguliwa Julai 2012 na kwa miaka mingi ikawa mji wa watu karibu elfu 80. Mtoto aliyezaliwa mle bila karatasi, kesho ataambiwa hana kwao.

Na sheria inaruhusu. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu huduma za kikonseli, yaani zile za raia kama pasipoti na vyeti, unasema kukatika kwa uhusiano wa kidiplomasia hakumaanishi moja kwa moja kukatika kwa uhusiano wa kikonseli. Ni milango miwili tofauti. Nani alilazimisha ifungwe yote?

Nasema haya kwa kitu nilichokiona. Nimeishi Muscat miaka kadhaa, na jirani yangu pale Ruwi alikuwa Msyria wa Homs, mfamasia, mtu mpole. Oman haikuufunga ubalozi wake Damascus, na Oktoba 2020 ikawa nchi ya kwanza ya Ghuba kumrudisha balozi. Jirani yangu pasipoti yake ilipokwisha aliendesha gari dakika chache tu mpaka ubalozi wa Syria palepale Muscat, akalipa dola 300, akasubiri. Siku alipoipata alinigongea mlango usiku kunionyesha, bado ngumu, haikunjiki. Mdogo wake alikuwa nchi nyingine ya Ghuba iliyokuwa imefunga kila kitu. Ya kwake iliisha, na baba yao alipofariki Homs hakwenda, wala hakuweza kuja Muscat wakalie pamoja. Alisomewa Fatiha kwa simu.

Karibuni tujadili. Nawaomba tusitukanane.

Mchangiaji:

Mkuu, poleni kwa huyo baba. Lakini umetaja dola 300 ukapita haraka, na mimi nataka tusimame hapo hapo.

Mwaka 2015 Damascus iliweka bei kwa Wasyria wa nje: pasipoti mpya dola 400. Mwaka 2017 ikawa dola 300 kwa anayesubiri na 800 kwa mwenye haraka. Hesabu mwenyewe, ndugu yangu, watu zaidi ya milioni tano nje ya nchi. Serikali iliyowafukuza kwa mabomu ikawauzia ruhusa ya kuitwa raia wake. Pesa ile ilikwenda wapi kama si kwa walewale?

Mimi nipo Leipzig. Hapa Ujerumani ubalozi wa Syria mjini Berlin ulibaki wazi, na unajua kilichotokea? Ofisi za Kijerumani zikawa zinawaambia Wasyria wengi wakalete pasipoti halali kutoka ubalozini. Mama ninayefanya naye kazi jikoni, mumewe alichukuliwa usiku na hakurudi tena, alipanda treni kwenda kukaa chini ya picha ya Bashar al-Assad, rais wa Syria wakati ule, kwenye chumba cha kusubiria, akiulizwa majina ya ndugu zake na wanakoishi. Alirudi mikono inatetemeka, hakuweza kushika kisu. Hilo dirisha unalolililia, kwake lilikuwa jicho la wapelelezi.

Tena angalia walioamua kumkumbatia Assad baada ya kumtenga. Tarehe 12 Novemba 2011 nchi 18 za Jumuiya ya Nchi za Kiarabu zilipiga kura kuisimamisha Syria, zikapinga Syria yenyewe, Lebanon na Yemen, Iraq ikajizuia. Falme za Kiarabu zikafungua tena ubalozi Desemba 2018. Mei 2023 Syria ikarudishwa kitini, Assad akapokewa Jeddah. Alitoa nini? Vidonge vya kaptagoni, dawa ya kulevya, viliendelea kumiminika Jordan, nchi ambayo wanajeshi wake walikuwa wakirushiana risasi na wauzaji mpakani. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 8 Desemba 2024, alikimbia, na milango ya Saydnaya, gereza lake la mateso, ikafunguliwa dunia ikaona. Qatar ilikataa kurudisha uhusiano mpaka mwisho, na kabla Desemba ile haijaisha ubalozi wake ulishapandisha bendera Damascus. Kukata hakukuwagharimu kitu.

Mleta mada:

Mkuu, kuhusu Jeddah sina ubishi na wewe. Kiti cha Jumuiya ni heshima, na mwenye kuua watu wake hastahili kuheshimiwa. Sikuwahi kutetea kiti.

Lakini ya huyo mama wa Leipzig yamenifanya nifikiri usiku kucha, na nakubali nililisema nusu. Dirisha kuwepo ni jambo moja, kumlazimisha mtu alitumie ni jingine. Aliyekimbia hiyo serikali alipaswa kupewa hati ya kusafiria na nchi iliyompokea, bila kurudishwa kwa aliyemtesa. Kosa lile lilikuwa la ofisi zilizomwambia "nenda". Mfamasia wangu hakuambiwa na mtu, alikuwa na kazi yake, na alitaka kwenda kumwona mama yake. Wapo wa namna yake wengi.

Ila hilo la kukata kutokumgharimu mtu, hapana. Tunisia ilikata uhusiano Februari 2012, ikiwa imetoka kwenye mapinduzi yake na moyo umejaa. Baadaye vijana wake kwa maelfu walikwenda kupigana Syria. Wazazi wakawa wanatafuta: kijana wangu yu hai, yuko jela gani? Hakukuwa na Mtunisia Damascus wa kuuliza. Ndiyo maana mwaka 2015, serikali nyingine ikiwa madarakani, Tunis ikatangaza kurudisha huduma za kikonseli bila balozi. Yaani walilazimika kurudi kwenye kile ambacho hawakuwa na haja ya kukivunja.

Na Misri ndiyo mbaya zaidi. Tarehe 15 Juni 2013 Rais Morsi wa Misri alisimama kwenye uwanja wa michezo Cairo, umati unashangilia, akatangaza kukata uhusiano wote na kufunga ubalozi. Tarehe 3 Julai akapinduliwa. Siku chache baadaye watawala wapya wakaweka sharti la viza kwa Wasyria, na ndege zilizowaleta zikarudishwa na abiria ndani. Katikati ya siku hizo ishirini na kitu, familia ya Aleppo iliyokuwa na tiketi mkononi ilipaswa kumuuliza nani? Kule uwanjani walishangiliwa kwa jina lao, uwanja wa ndege wakakataliwa kwa jina lilelile.

Kwa hiyo nakurudishia swali, ndugu yangu wa Leipzig, na naliuliza kwa heshima. Pesa ya pasipoti ilikuwa haramu, sawa, tulipaswa kuibana bei hiyo kwa kila njia. Lakini yule mdogo wake mfamasia aliyesomewa Fatiha kwa simu hakuwa na hati ya mahali popote, na nchi aliyokuwa akifanya kazi haikumpa nyingine. Ungemwambia asubiri mpaka lini?