Emacs haisomi ~/.config/emacs, na fonti haishiki nikitumia emacsclient

Swali

Wakuu, naomba msaada. Ni Emacs 29 (programu ya kuhariri maandishi) kwenye Linux. Mipangilio yangu sasa iko ~/.config/emacs/, yaani init.el na early-init.el, mafaili ambayo Emacs husoma inapowaka. Nikiwasha, inafunguka kama mpya kabisa: hakuna themu wala vifurushi, na hakuna kosa linaloonyeshwa. Hata `emacs --debug-init` iko kimya. Ila nikiandika `emacs --init-directory ~/.config/emacs`, kila kitu kinakuja.

La pili ni fonti. Kwenye dirisha la kawaida (nikitumia --init-directory) inashika, lakini kwa `emacsclient -c`, amri inayofungua dirisha la Emacs ambayo tayari inakimbia nyuma, haishiki. Mstari wenyewe ni huu:

`(when (display-graphic-p) (set-frame-font "DejaVu Sans Mono-11"))`

Jibu la 1

Mkuu, --debug-init hunasa kosa lililomo ndani ya faili linalosomwa. Hapa faili lako halisomwi kabisa, ndiyo maana kimya. Bonyeza M-: (yaani Alt pamoja na :) kisha andika `user-emacs-directory`. Nina hakika utaona "~/.emacs.d/".

Emacs ilianza kutambua ~/.config/emacs kwenye toleo 27.1, lakini mahali pa zamani bado pana kipaumbele. Ikikuta ~/.emacs, ~/.emacs.el au folda ~/.emacs.d, inaishia hapo hapo. Na folda hiyo hata ikiwa tupu inatosha! Hilo ndilo linalowachanganya wengi, kwa sababu mtu anatafuta faili lenye kasoro wakati tatizo ni folda isiyo na kitu. Angalia:

`ls -lad ~/.emacs ~/.emacs.el ~/.emacs.d`

Usifute, badilisha jina tu: `mv ~/.emacs.d ~/emacs-ya-zamani`. Kama folda ya elpa (panapokaa vifurushi) imebaki humo, ihamishie kwenye ~/.config/emacs, la sivyo vifurushi vitapakuliwa upya.

Jibu la 2

Niongezee kuhusu fonti. Emacs ikiwashwa kwa --daemon, yaani ikikaa nyuma bila dirisha ikisubiri emacsclient, init.el husomwa mara moja tu, wakati bado hakuna dirisha lolote. Kwa hiyo `display-graphic-p` inarudisha nil (yaani "hapana") na mstari wako unarukwa bila kelele. Baadaye emacsclient inapofungua dirisha, init.el haisomwi tena. Weka sharti la fonti kwa madirisha yatakayokuja:

`(add-to-list 'default-frame-alist '(font . "DejaVu Sans Mono-11"))`

Pa kuliweka ni early-init.el, ili hata dirisha la kwanza lizaliwe na fonti hiyo badala ya kubadilika mbele ya macho. Kama kuna kitu ambacho lazima kisubiri dirisha halisi, kitundike kwenye `server-after-make-frame-hook`. Usirudi kwenye display-graphic-p ndani ya init.el.

Muulizaji

Asanteni. Kweli ~/.emacs.d ilikuwepo, na ndani yake kulikuwa na auto-save-list tu (folda ya orodha ya mafaili yanayohifadhiwa kiotomatiki). Nimebadilisha jina, emacs ya kawaida ikasoma mipangilio vizuri. Lakini baada ya muda folda imerudi yenyewe! Na emacsclient bado ina fonti ya zamani.

Jibu la 1

Hayo mawili yana chanzo kimoja: ile Emacs ya nyuma bado inakimbia. Kufunga dirisha la emacsclient hakuizimi. Iliwashwa kabla hujahamisha folda, kwa hiyo kwenye kumbukumbu yake mahali pake bado ni ~/.emacs.d, na inapotaka kuhifadhi orodha ya auto-save na haioni folda, inaiunda upya. Fuata mpangilio huu, maana ukianza na mv utarudi pale pale:

1. Hifadhi kazi zote kwa C-x s (Ctrl na x, kisha s).
2. Zima: `systemctl --user stop emacs`. Kama uliiwasha kwa mkono, `emacsclient -e '(kill-emacs)'`. Amri hii haiulizi kuhusu mafaili ambayo hayajahifadhiwa, kwa hiyo usiruke hatua ya 1.
3. Ondoa tena ~/.emacs.d.
4. Washa upya, kisha thibitisha: `emacsclient -e user-emacs-directory`

Ikionyesha "~/.config/emacs/", umemaliza.

Jibu la 2

Na kama mabadiliko ya init.el bado hayaonekani, tazama kama kuna init.elc (nakala yake iliyokompailiwa) kando yake. Emacs husoma .elc hata kama .el ni mpya zaidi, ikiacha onyo fupi tu kwenye \*Messages\*. Futa hiyo .elc. Faida ya kukompaili init.el ni ndogo mno kulinganisha na usumbufu huo.

Muulizaji

Imekubali. Hakukuwa na .elc, ilikuwa ile ya nyuma tu. Fonti inashika pande zote mbili, na folda haijarudi.