Gauni la mbawakawa la Ellen Terry: lilibebaje mabawa yote yale?

FundiMarinda:
Ndugu wanajamvi, ninashona mavazi ya jukwaani, na kwa wiki kadhaa nimekuwa nikiitazama picha ambayo John Singer Sargent alimchora mwigizaji wa Kiingereza Ellen Terry mwaka 1889 akiwa katika vazi la Lady Macbeth, mhusika wa tamthilia ya Shakespeare. Ninafahamu kwamba ule ukijani unaometameta unatokana na wadudu halisi. Nisichoelewa ni jinsi kitambaa kilivyoyabeba mabawa mengi kiasi hicho bila kuchanika, na kama ndani yake kulikuwa na mifupa ya nyangumi, yaani vipande vigumu vya kukaza kiwiliwili cha gauni, kama ilivyokuwa katika magauni mengine ya zama hizo.

MshonoWaKale:
Dada, hicho si kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. Alice Comyns Carr, aliyelibuni gauni hilo kwa ajili ya onyesho la ukumbi wa Lyceum, London, mwaka 1888, alitaka lifanane na deraya laini na papo hapo na magamba ya nyoka. Kwa kuwa hakupata kitambaa cha namna hiyo Uingereza, uliletwa kutoka Bohemia (eneo ambalo leo liko Ucheki) uzi wa kijani uliosokotwa pamoja na zari ya buluu, na Ada Nettleship akaufuma kwa sindano ya kulabu. Lilipokamilika lilining'inia vizuri, lakini waliona halijang'aa vya kutosha. Ndipo yakashonewa mabawa yapatayo 1,000.

Tena hayo si mabawa membamba ya kurukia, bali ni magamba magumu yanayoyafunika, mepesi karibu kama puluki. Ufundi huu ulitoka India, na Waingereza wa karne ya 19 waliupenda hata kwenye magauni ya dansi. Uzito hasa uko kwenye ufumaji wenyewe, ambao huvutika kuelekea chini, na kwa maoni yangu mvutiko huo ndio uliolipa gauni mwendo wa nyoka.

Kuhusu mifupa, gauni la kawaida la miaka ya 1880 lilibana kiuno na kutuniswa nyuma, ilhali hili lilifuata mkato wa karne ya 13, refu, lenye mikono mipana inayofagia. Comyns Carr mwenyewe hakuvaa mavazi ya kubana hata mitaani.

Hifadhi_Nguo:
Ninaongeza jambo moja: mabawa yalivunjika, tena mengi. Gauni hilo lipo Smallhythe Place, Kent, iliyokuwa nyumba ya Terry, na matengenezo yaliyokamilika mwaka 2011 yalichukua zaidi ya saa 1,300. Yale yaliyopasuka yaliungwa kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani vilivyobandikwa kwa gundi ya wanga wa ngano, na yaliyokuwa yamedondoka na kutunzwa yakarudishwa mahali pake. Kazi hiyo inastahili heshima sawa na ya waliolishona.

FundiMarinda:
Nawashukuru sana. Nilikuwa nimekwisha kukata bitana ya kiwiliwili chenye mifupa. Nitaiweka kando na kuanza kufuma. Je, puluki za plastiki zitafaa badala ya mabawa?

MshonoWaKale:
Zitafaa, ila uzijaribu kwanza chini ya taa utakazotumia. Lyceum ilimulikwa kwa gesi, mwanga wenye joto na unaochezacheza, na mabawa yale yalimetameta chini ya mwanga huo. Shona kila puluki upande wa juu tu, ili ncha ya chini ibaki huru kutikisika mwigizaji anapotembea.